Kinolewacho Hupata

Wahenga walisema kinolewacho hupata. Ni methali ya maneno mawili tu, nayo imetumika sana kuwahimiza wanafunzi na kuwazindua wavivu. Lakini msomaji akiitazama vyema ataona kwamba imeficha mambo mawili. Haisemi kinanolewa kwa kitu gani, wala haisemi kinanolewa kwa ajili ya nani. Kisu cha jikoni, panga la shamba, shoka la mchanja kuni na wembe wa kinyozi vyote hunolewa na vyote hupata. Ila kila kimoja hupata makali ya namna yake, na makali yafaayo kufulia nazi hayafai kupitishwa juu ya shavu la mtu. Nimeishi na jambo hili kwanza nikiwa mtoto wa kutumwa katika duka la kinyozi, kisha nikiwa mtu anayetunga mashairi na kufasiri ya wengine, na siku hizi nikiwa mtu ambaye kila Alhamisi jioni hukaa na wembe, bakuli la maji na mawe matatu. Wembe una wengi wa kuusifu. Nataka leo niseme juu ya jiwe: namna ya kulichagua na namna ya kulitumia.

Lugha yetu si maskini katika mlango huu. Tuna kunoa, tuna kinoo, ambalo ni jiwe lenyewe la kunolea, na tuna cherehe, jiwe la duara lizungushwalo kwa mguu au kwa mkono. Tuna makali na tuna ubutu. Hata hivyo, niwaulizapo vijana kinoo ni nini, wengi hunitazama tu. Neno halikufa kwa kukosa maana. Limeondoka kwa sababu kitu chenyewe kimeondoka mezani, nalo likakifuata.

Kisiwa changu hakina kinoo cha wembe. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Katika kipimo cha ugumu alichokibuni Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, kinachoanzia 1 na kuishia 10, madini ya chokaa yamo katika daraja la 3, ilhali chuma cha pua cha wembe kinakaribia 6 na nusu. Ukisugua wembe juu ya jiwe la tumbawe, wembe ndio utakaolila jiwe. Kinoo kinataka kiwe na punje ngumu kuliko chuma, nazo ziwe ndogo, zilingane, na zishikane sawasawa. Kwa hivyo kila kinoo cha wembe nilichokiona hapa kilikuja kwa bahari. Tumejenga mji mzima kwa mawe yetu wenyewe, lakini jiwe la kunyolea nyuso zetu tuliliagiza.

Ami yangu alikuwa kinyozi Ng'ambo, si mbali na Michenzani, kwa zaidi ya miaka arubaini. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kilichoanza kuota madoa, na benchi refu ambalo lilikuwa baraza hasa. Hapo ndipo nilipojifunza kusoma kwa sauti, kwa kuwa wateja walitaka kusomewa gazeti huku wamepakwa povu. Hapo ndipo nilipowasikia wazee wakijibizana kwa beti, mmoja akitoa na mwingine akipokea, na Ami akisimamisha wembe hewani mpaka kituo kikamilike, kwa kuwa mtu anayecheka hanyolewi. Sikupata chuo kingine baada ya hapo. Lugha za kigeni ninazozifasiri nilizichimba mwenyewe kwa kamusi na kwa subira, na subira hiyo niliiona kwanza kwenye jiwe.

Alikuwa na mawe mawili. La kwanza lilikuwa jeusi lenye kijivu, jiwe la kiwandani, upande mmoja mparuzo na upande wa pili laini zaidi. La pili lilikuwa la asili, rangi ya siagi juu na nyeusi chini, limewekwa ndani ya kisanduku cha mbao alichokichonga seremala. Akiliita jiwe la manjano. Lile la kwanza mtu yeyote aliweza kuliazima kwa ajili ya kisu. Lile la pili halikutoka dukani hata siku moja.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa na njia ya kusoma juu ya mambo haya, nililijua jina la jiwe la manjano. Linaitwa kotikuli. Huchimbwa Ubelgiji, katika nchi ya vilima vya Ardennes, pande za Vielsalm. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kijiwe cha kunolea. Ndani yake mna punje za garneti, jamaa wa zile garneti zichimbwazo bonde la Umba mkoani Tanga, ila hizi ni ndogo mno: mikroni 5 hadi 15 hivi, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Garneti ina nyuso nyingi, imekaribia kuwa mviringo, basi haichimbi chuma kwa ncha kali. Huparaza juu juu. Hiyo ndiyo siri ya jiwe lile, nami nitairudia.

Watu wamebishana juu ya mawe tangu kale. Pliny, Mrumi aliyefariki mwaka 79 katika mlipuko wa mlima Vesuvius, aliandika juu ya vinoo katika kitabu chake kikubwa cha elimu ya maumbile. Aliyapanga mawe kwa kile yanachokitaka: mawe ya Krete na ya Lakonia yakitumiwa kwa mafuta, mawe ya Naxos na ya Armenia kwa maji, na aina nyingine, ya Hispania, ikitumiwa na vinyozi kwa mate. Nilipoisoma habari hiyo nilimsomea Ami. Alinyamaza kidogo, akasema, “Mwanangu, hao Warumi walikosa maji?”

Kutoka nyakati hizo hadi zetu, nchi chache zimepata sifa ya kutoa jiwe la wembe. Mbali na Ubelgiji, kuna jiwe la Arkansas, Marekani, liitwalo novakuliti, jina lililotokana na neno la Kilatini novacula, yaani wembe. Hilo ni silika takriban tupu, gumu, zito, linalonoa polepole, na laweza kutumiwa kwa mafuta au maji. Kuna mawe ya Thuringia, Ujerumani, aina ya kigae cha mlimani, laini kwa mguso, ambayo machimbo yake ya zamani yalikwisha kufungwa. Kuna mawe ya pande za Kyoto, Japani, yaliyokuwa tope la chini ya bahari zama za mbali, nayo huuzwa kwa bei ambayo mshairi huisoma na kufunga ukurasa. Na kuna mawe ya kiwandani, ambayo leo ndiyo mengi: punje za alumina au za madini mengine magumu, zilizochekechwa kwa ukubwa mmoja na kugandishwa pamoja. Haya hupewa namba. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo punje zinavyokuwa ndogo. Jiwe la namba 1000 lina punje za mikroni 11 hadi 15 hivi. La 8000 lina punje za mikroni 1 hadi 3, kwa kutegemea kiwanda.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Akisikia namba, mtu hudhani jiwe bora ni lenye namba kubwa. Hununua moja, la mwisho, la ghali, akalisuguza wembe wake butu siku nzima, na wembe ukabaki butu huku unameremeta. Jiwe halitii makali ndani ya chuma. Jiwe huondoa. Makali ni mahali ambapo nyuso mbili za chuma zinakutana, na ikiwa hazijakutana, hakuna ulaini utakaozikutanisha. Kazi ya kuzikutanisha ni ya jiwe la kati, lile la namba 1000 au jirani yake. Jiwe la pili huja kufuta mikwaruzo ya la kwanza, na la tatu huja kufuta mikwaruzo ya la pili. Jiwe la mwisho ndilo linalosifiwa, lakini hukuta kazi imekwisha kuamuliwa.

Basi anayeanza na atafute kwanza jiwe la 1000, kisha moja la kati ya 4000 na 8000, na baada ya hapo afikirie la kumalizia. Asitafute ukubwa wa kujionyesha: urefu wa sentimita 15 hadi 20 na upana wa 5 hadi 7 unatosha. Likiwa la asili, alipitishe ukucha na kulitazama kwenye mwanga, ahakikishe hakuna mshipa mgumu uliojitokeza juu, kwa kuwa mshipa mmoja waweza kuharibu makali yote. Alimwagie maji aone yanavyokauka: jiwe la asili lililoshikamana hukawia kuyanywa. Na la muhimu kuliko yote, liwe limenyooka.

Jiwe lililotumika hubonyea katikati kama kizingiti cha mlango wa zamani. Wembe hauwezi kunyooka juu ya jiwe lililopinda. Dawa yake ni rahisi. Chukua penseli, chora mistari juu ya uso wa jiwe, ya kwenda na ya kukatiza. Tandika msasa wa maji, ule utumiwao na wapaka rangi wa magari, juu ya kipande cha kioo kinene. Mwagia maji, sugua jiwe juu yake mpaka mistari yote ifutike. Ikibaki mistari katikati, jiwe bado lina shimo. Ami alikuwa akilifanya hili kila mwezi, na hakuliita kunoa. Akiliita kuomba radhi.

Kunoa kwenyewe hakuna maajabu, ila kuna adabu zake. Wembe wa kinyozi, ule wa kukunja, umeumbwa kwa namna ambayo mgongo wake ndio mwalimu wa makali. Unene wa mgongo ni kiasi cha robo ya upana wa wembe, au zaidi kidogo, na uwiano huo huzaa pembe ya nyuzi 14 hadi 17. Hivyo huna haja ya kubahatisha pembe kama unavyofanya kwa kisu. Ulaze wembe, mgongo na makali vyote viguse jiwe kwa pamoja, usukume makali yakitangulia, kama mtu anayetaka kukwangua utando mwembamba juu ya jiwe. Ukifika mwisho, ugeuze juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali, kisha urudi. Kwa kuwa wembe aghalabu ni mrefu kuliko upana wa jiwe, mkono huenda kwa mshazari, ili kila sehemu, tangu kisigino hadi ncha, ipate haki yake.

Mwanzoni uzito wa kidole huruhusiwa. Kadiri kazi inavyoendelea uzito hupungua, mpaka mwisho wembe unateleza kwa uzito wake wenyewe. Tazama maji. Makali yakiwa hayajakamilika, maji hupita chini yake. Yakikamilika, wembe huyasukuma maji mbele yake na kuyapandisha juu kama jahazi linavyopandisha povu omoni. Sikiliza pia. Jiwe lina sauti mwanzo, na sauti hiyo hupungua. Ami alinoa huku akizungumza na wateja, na niliamini kwamba haangalii. Kumbe alikuwa anasikiliza.

Jiwe la manjano lina mtindo wake. Unalimwagia maji, kisha unalisugua kwa kipande kidogo cha jiwe la aina hiyo hiyo mpaka litoe maji mazito meupe. Ami aliyaita uji. Garneti zilizong'oka huogelea ndani ya uji huo, na uji ndio unaonoa. Ukiwa mzito, hula chuma kwa haraka, lakini makali yakijigonga na punje zinazoogelea hayawezi kufikia ukali wa mwisho. Basi baada ya muda unatia tone la maji, unanoa. Unatia tone jingine, unanoa. Mpaka jiwe linabaki na maji matupu. Maneno yake yalikuwa haya: uji mzito hula, uji mwepesi hulainisha, maji matupu humaliza. Anayeharakisha kumwaga uji hujikuta na wembe ambao haukuliwa vya kutosha kuweza kulainishwa.

Baada ya jiwe huja mkanda wa ngozi. Hapo mwendo hugeuka: mgongo hutangulia na makali hufuata, kwa kuwa makali yakitangulia mkanda hukatika. Mikupuo 50 ya taratibu inatosha. Mkanda hunyoosha tu kilichokwisha kunolewa, na kwa wembe unaotunzwa vizuri mkanda hutumika kila mara, jiwe hutumika mara moja moja.

Nimesema kitu chenyewe kimeondoka mezani. Kuondoka kwake kuna sababu mbili. Ya kwanza ni ya mbali: King Camp Gillette wa Marekani alipata hataza ya wembe wake wa kutupa mwaka 1904, na fikra yake yote ilikuwa kumwondolea mtu haja ya kunoa. Ya pili ni ya karibu, nayo ni ya huzuni. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliripotiwa nchini Tanzania, mkoani Kagera, na katika miaka iliyofuata sote tulifundishwa kutochangia wembe. Wembe uliopita nyuso ishirini kwa siku, hata ukinolewa na kupanguswa namna gani, haukuwa tena kitu cha kuaminiwa. Ami hakubisha. Alizifunga nyembe zake katika kitambaa, akanunua za kubadilisha na kutupa, na baadaye mashine ya umeme. Sikumsikia akilalamika, kwa kuwa kazi ya kinyozi, kama alivyoielewa, ni kumrudisha mtu kwao akiwa mzima. Nalisema hili wazi ili msomaji asidhani ninamwita arudi kwenye mambo ya zamani. Wembe wa kunoa leo ni wa uso mmoja tu, na usivuke kwenda uso wa pili.

Uso huo kwangu ni wa Ami. Amepita miaka themanini. Mikono inatetemeka na macho yameingia ukungu, na methali kwamba kinyozi hajinyoi imekuwa kwake kweli tupu. Ana kisukari, na msomaji mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani anajua kidonda kidogo kinaweza kufanya nini. Miaka michache nyuma kinyozi mmoja wa mtaani alimkwaruza chini ya taya kwa wembe wa kutupa. Mkato wenyewe haukufika urefu wa ukucha, lakini ulikaa wiki sita, tukawa tunaubeba kwenda na kurudi hospitali. Tukajaribu mashine ya umeme. Ilikuwa salama, lakini ilibakiza vishina, na mzee aliyewanyoa watu maisha yake yote akawa anapitisha kiganja shavuni kila baada ya dakika chache kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Ijumaa moja hakwenda msikitini. Hakutoa sababu, nasi hatukuuliza. Jumatatu yake alikitoa kile kitambaa, akauchagua wembe mmoja wa Solingen kwa kuupapasa, akaniambia, “Wewe unaona bado.”

Tangu siku hiyo suala la jiwe halikuwa tena la udadisi kwangu. Ngozi ya mzee ni nyembamba, imelegea, ina mikunjo ambayo wembe unaweza kuiruka au kuichana. Mpwa wangu aishiye Maskati alinitumia jiwe la kumalizia la Kijapani, namba 12000, jeupe kama sabuni. Nililitumia kwa utaratibu wote nilioueleza. Wembe ulikata unywele uliosimama peke yake kwa kuugusa tu. Nilimnyoa Ami mashavu na shingo, nikamchongea ndevu zake, na hapakutoka hata tone la damu. Alipomaliza kunawa alikaa kimya kwa muda, kisha akasema: “Wembe huu umesoma, lakini haukulelewa.”

Nilitaka aeleze. Alisema anahisi joto shavuni, kwamba wembe ulikata nywele na kisha ukaendelea kutafuta. Alhamisi iliyofuata niliishia kwenye jiwe la 8000, kisha nikalitoa lile la manjano kisandukuni, nikatengeneza uji mwepesi, nikauzimua tone kwa tone mpaka maji matupu. Jaribio la unywele lilionyesha wembe huo ulikuwa na makali kidogo kuliko ule wa wiki iliyotangulia. Ami alinyolewa, akanawa, akapitisha kiganja, akaomba kofia yake.

Sasa najua kwamba makali na upole ni vipimo viwili, na kwamba namba ya jiwe hupima kimoja tu. Punje za jiwe jeupe ni ndogo kuliko garneti za jiwe la manjano. Kwa hesabu, jiwe jeupe limeshinda. Lakini garneti, kwa umbo lake la mviringo na mwendo wake wa kuparaza, huacha ukingo ambao ngozi kavu inaweza kuuvumilia. Uso wa kijana wenye nywele ngumu pengine utalitaka jiwe jeupe, na utakuwa na haki. Hivyo swali la jiwe lipi ni bora halina jibu mpaka ujue ni la shavu gani.

Msomaji wa kurasa hizi ni mpenzi wa mashairi, na pengine amekwisha kuniona ninapoelekea. Sitakwenda mbali. Mfasiri naye huanza na jiwe la mparuzo: maana ikutane na maana, hata kama mshororo umekwaruzika. Wapo wanaoanzia mwisho, kwa vina na ulaini wa sauti, na ubeti wao unameremeta bila kukata. Kisha huja kupunguza, neno kwa neno, mpaka mizani isimame yenyewe bila kusukumwa. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1969 aliitoa tena baada ya kuipitia upya, nayo ikawa Juliasi Kaizari. Hata jina la kitabu lilirudi jiweni. Nami nikifasiri shairi la mtu, kabla ya kuuliza kama limekuwa kali, hujiuliza nani atalisoma, na ngozi yake ikoje.

Jiwe la manjano limekonda. Tabaka lake la juu limeliwa na miaka ya nyembe na miaka ya kusawazishwa, na ukilitazama kwa ubavu unaona rangi ya siagi imebaki unene wa sarafu mbili. Mwaka jana nilimuuliza Ami kama nitafute jingine. Alilipapasa pembeni, akatabasamu, akasema tusubiri tuone, yeye na jiwe, nani atatangulia.

Mjukuu wake ana miaka kumi na tisa, anafanya kazi saluni, na mkono wake na mashine ni mwepesi kweli. Alhamisi moja alikuja akanikuta na bakuli la maji. Alitazama muda mrefu, kisha akamwomba babu yake amfundishe kuushika wembe. Nilingoja Ami aitoe ile methali ambayo kila mtu huitoa, kwamba mtoto akililia wembe mpe. Alisema, “Mtoto akililia wembe, mpe kinoo.”

Basi nilimpa jiwe la 1000, kipande cha kioo, msasa wa maji na penseli. Alichora mistari, akasugua, akalitazama kwenye mwanga. Katikati palikuwa bado na mistari mitatu. Akamwagia maji, akaanza tena.